Nyumba Isiyojibu Hodi

Mwaka wa hamsini na nne, mchana kweupe, Idarusi wa Tongoni alirudi pwani na samaki, chewa mzito kuliko yeye mwenyewe. Wanaume wanne walimburuta mpaka chumbani, bado anahema, wakamfunika magunia mabichi. Idarusi hakuwa na haja ya nyama. Alitaka picha! Wazungu wa klabu ya uvuvi mjini walitundika zao ukutani, naye alitaka yake. Mpiga picha angefika alasiri.

"Mrejeshe, baba Semeni," alisema mkewe, Mwatumu, mtoto mgongoni. "Wa ukubwa huo huachwa. Babu zako wote waliwaacha."

"Babu zangu hawakupata kamera." Akacheka, akaingia chumbani, akatia komeo paka wasimfuate.

Mwatumu alikuwa uani anakuna nazi aliposikia sauti ndani.

"Hodi."

Haikutoka mlangoni. Ilitoka chini, nzito, kama ya mtu aliyejigubika blanketi. Na Idarusi, maskini, mtoto aliyelelewa akaleleka, akajibu bila kufikiri.

"Karibu."

Kisha kimya.

Mwatumu aliita mpaka koo likamkauka. Shemeji yake, Sadalla, akavunja mlango. Dirisha lilikuwa na nondo. Idarusi hayumo. Makubazi yake ya ngozi tu, na chewa, tumbo limemvimba.

"Mwatumu," likasema tumbo, kwa sauti ya mumewe. "Hodi."

Sadalla akachomoa kisu. Ncha ilipogusa ngozi, mle ndani mtu akapiga ukelele. Kisu kikamdondoka.

Chewa akaanza kuhema polepole. Sauti nayo ikafifia. Hapo Mwatumu akaelewa, akalia: samaki akifa, mumewe kafa. Akimwachia, ndiyo kwaheri.

"Shika mkia," alinong'ona.

Walimsukuma majini, anabisha hodi njia nzima. Mwatumu aliuma khanga asije akajibu. Wallahi alitamani kujibu! Mpiga picha alipofika, hakukuwa na cha kupiga.

Tangu hapo aliyebisha nyumba ile hakujibiwa; Mwatumu alikuja kumfungulia kimya kimya. Wasiojua walimwita hana adabu. Lakini kila maji makuu ya bamvua yalipojaa, hodi ilitoka chini ya sakafu yake. Miaka miwili alijizuia.

Alisahau kumkanya Semeni, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema.

Adhuhuri moja ya bamvua Mwatumu alitoka kisimani, akakuta mlango wa chumba kile una komeo kwa ndani. Kizingitini yapo makubazi ya Idarusi, yale aliyoyafungia sandukuni. Yamelowa.

Akagonga. Akasukuma. Wapi! Mwanawe yumo. Ikabidi alitamke neno lile.

"Hodi."

Wakajibu wawili, mume na mwana, kwa pamoja, kwa furaha.

"Karibu."

Sadalla alipovunja mlango ule mara ya pili, hakukuta mtu. Kizingitini zilikuwapo jozi tatu za viatu, zimepangwa vizuri, ya mwisho ndogo. Zote mbichi.