Betri za Kuanika Juani

Kila asubuhi, jua lilipochungulia juu ya migomba ya Bugomora, Bibi Benadeta alitandaza jamvi uani na kumwaga kahawa yake. Pembeni mwa jamvi alilaza betri mbili ndogo za redio, chali, kama wagonjwa waliotolewa nje kuota jua. Kazi ya Avelina, mjukuu wake wa darasa la sita, ilikuwa kugeuza kahawa, kufukuza kuku, na kuzigeuza zile betri zisije zikaiva upande mmoja.

"Bibi, betri ikiisha imeisha," alisema Avelina Ijumaa moja.

"Imeisha kwa mwenye duka," Bibi akajibu. "Kwangu bado. Itaimba nyimbo mbili, ya tatu itakohoa."

Avelina alicheka, lakini moyoni alikuwa na neno. Kesho yake Klabu ya Mazingira ya shule yao ingepanda kilima cha Rwenkende, na yeye alikuwa amewaahidi wenzake muziki huko kileleni. Akamwomba Bibi redio. Bibi akampa pamoja na nkonjwa mbili za kuchoma, ndizi tamu za njiani.

Jumamosi asubuhi, Mwalimu Nestory aliwakusanya mbele ya ofisi. Mkononi alikuwa na kifaa cha GPS, kinene kama kipande cha sabuni.

"Hiki kinasoma setilaiti zilizoko angani na kutuambia tulipo," alisema. "Gosbert ndiye kiongozi wa njia. Kila penye njia panda, Gosbert, weka alama. Wakati wa kurudi kitatuonyesha njia yetu ileile. Betri ni mpya, nimezitoa kwenye pakiti jana."

Gosbert alikipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto wa ubatizo. Alikuwa ameomba kazi hiyo tangu muhula uanze. Lakini furaha nayo ina mambo yake, ikamshika tumbo.

"Avelina, nishikie," alimnong'oneza mwenzake wa dawati moja, akakimbilia chooni.

Avelina akabaki na kifaa mkononi na redio mfukoni mwa begi. Njiani alikuwa ameijaribu redio hiyo. Ilikohoa kabla hata ya wimbo wa kwanza. Akakitazama kifaa. Akafungua mfuniko wake wa nyuma. Betri mbili, ndogo, saizi ileile. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili: mpya zikaingia kwenye redio, zilizoanikwa zikaingia kwenye kifaa. Gosbert aliporudi akifunga mkanda, mambo yalikuwa yamekwisha.

Akakiwasha. "Mbona alama ya betri imeshuka hivi?"

"Baridi hiyo," alisema Avelina. "Hata mimi nimeshuka."

Wenzao wakacheka. Gosbert naye akacheka, akaamini. Safari ikaanza.

Walipita mashamba ya kahawa, wakaiacha migomba chini, wakaingia kwenye nyasi ndefu za mlimani. Ili kutunza betri, Gosbert alikiwasha kifaa penye njia panda tu, akaweka alama, akakizima. Avelina alijiambia kwamba baada ya muziki wa kileleni, atazirudisha betri kimyakimya. Ndivyo mwizi anavyojibembeleza.

Kileleni hawakufika. Ukungu ulishuka ghafla, mzito, ukameza nyasi, ukameza njia, hata aliyekuwa mbele akawa sauti tu. Mwalimu aliamuru warudi. Wakatembea kidogo, mara Gosbert akasimama.

"Mwalimu, kimezima."

"Kiwashe."

"Hakiwaki."

Mwalimu akakichukua, akabonyeza, akakipigapiga kiganjani. Akatoa simu yake iliyokuwa na ramani ya kidijitali. Ramani ilitaka mtandao, na mtandao uliopatikana ulikuwa wa nchi jirani. Ukamkaribisha Mwalimu kwa ujumbe wa heshima, lakini ramani ikabaki nyeupe kama ukungu wenyewe.

"Nilipaswa kuihifadhi ramani kwenye simu kabla ya kutoka," Mwalimu alijisemea. Kisha akamgeukia Gosbert. "Na wewe, betri mpya zimeishaje? Umekuwa ukikichezea?"

"Sikukichezea, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Atakuwa alikuwa akitafuta kwao kwa setilaiti," alidakia Speciose, msichana ambaye ulimi wake haukujua likizo. "Kiongozi wa njia! Waitu, jamani, tutalala na tumbili!"

Macho ya Gosbert yalijaa maji. "Hakikutoka mikononi mwangu. Nilimwachia Avelina tu nilipokwenda chooni, na Avelina hawezi kufanya kitu kama hicho."

Avelina aliinamisha kichwa. Angeshtakiwa, angejitetea, lakini kutetewa! Maneno yale yalimchoma kuliko fimbo.

"Avelina," Mwalimu akasema, "si una redio? Haina betri?"

Mlango wa kusema kweli ndio huo, umefunguliwa wazi. Avelina akautazama, akapita pembeni. "Ni zile za Bibi, Mwalimu. Za kuanika."

Kijiji kizima kilizijua betri za Bibi Benadeta. Watoto wakacheka, hata Mwalimu akatabasamu kwa uchovu. Ni Gosbert peke yake ambaye hakucheka.

"Tukirudi salama, Gosbert, kazi hii nitampa mwingine," Mwalimu alisema. "Sasa kaeni hapa, mshikane mikono. Nashuka kidogo kuitafuta njia."

Akaanza kuteremka. Hatua chache tu, akawa kivuli. Ndipo Avelina aliposikia vyura. Walikuwa wakilia huko chini, upande uleule aliokuwa akienda Mwalimu. Penye vyura wengi hivyo pana mafunjo, na penye mafunjo pana tope ambalo lilishawahi kumeza ng'ombe mzima wa jirani yao.

"Mwalimu, usiende!" alipiga kelele. "Huko ni bwawani! Rudi! Betri ninazo mimi!"

Kivuli kikasimama. Mwalimu akarudi. Avelina akafungua begi, akatoa redio, akazichomoa zile betri mpya.

"Nilizibadilisha Gosbert alipokwenda chooni. Yeye hana kosa. Na hata sasa hivi nimedanganya."

Mwalimu hakumpiga, hakumfokea. Alimwambia tu, "Mpe kiongozi wa njia."

Gosbert akazipokea bila kumtazama. Kifaa kikawaka, na alama zote alizoziweka zikajipanga kwenye skrini. Wakazifuata moja baada ya nyingine, mpaka wakaiona migomba. Njia nzima Gosbert alitembea mbele, mbali na Avelina.

Nyumbani, Mwalimu alimsimamisha mbele ya Bibi aseme mwenyewe. Avelina akasema yote, machozi yakidondokea jamvini. Bibi akazipokea betri zake nzee, akazigeuza kiganjani.

"Hizi nazianika mimi, lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba ni mpya," alisema. "Uongo, mjukuu wangu, ni betri ya kuanika. Unapoondoka unawaka, unadhani umepona. Ukifika mlimani kwenye ukungu, unakuzimikia."

Wiki iliyofuata klabu ilikwenda tena Rwenkende. Mwalimu alikuwa na betri za akiba na ramani iliyohifadhiwa simuni. Kabla ya kuondoka, tumbo la Gosbert likafanya mambo yake. Akamtazama Avelina, akafikiri, akamkabidhi kifaa.

"Nishikie."

Kisha akafungua mfuniko, akatoa betri zote mbili, akaenda nazo chooni.

Jioni Avelina alimsimulia Bibi kwa uchungu. Bibi alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Mtoto ana akili huyo! Sikiliza. Mvua ya mara moja huilowesha kahawa yote, lakini kuikausha tunahitaji jua la siku nyingi. Jina lako umelilowesha mwenyewe. Usilie, wala usimnunie mwenzako; sema kweli kesho, na keshokutwa, litakauka. Betri ndiyo inayokataa kufufuka. Binadamu ni kahawa."

Akamsukumia jamvi.

"Haya, geuza."