Mara ya Tatu Kuna Kitu

Saibaa, duka la kompyuta za kukodi karibu na steji ya Kitale, ilikuwa imejaa watu wa kuchapisha fomu. Wahu, fundi wa nguo, aliingia na tepu ya kupimia shingoni na pini tatu kwenye kola ya blauzi yake ya samawati. Mwanamume wa shati jeupe, lililopigwa pasi hadi mikononi, alikuwa amekalia kompyuta saa nzima akitazama mstari wa nukta.

"Huo ni moyo wa nani?" Wahu akauliza. "Kama amekufa, tupishe."

"Ni mwanga wa nyota," akajibu akicheka. "Unaona hapa umeshuka? Kuna sayari kubwa imepita mbele yake. Yenyewe haionekani."

"Sasa utajuaje iko?"

"Mwanga ukishuka mara moja, pengine ni mitambo. Mara mbili, nanyamaza. Mara tatu, siku zikilingana, hapo kuna kitu. Hii yangu imeshuka mara mbili. Ya tatu ni Januari."

Huyo alikuwa Wabwile, mwalimu wa fizikia kutoka Bungoma. Picha za darubini iliyo angani huwekwa kwenye mtandao, na watu kama yeye huzikagua bila malipo. Fomu ya Wahu ilipotoka, Wabwile alikuwa na namba yake.

Akawa anapiga kila jioni.

"Fundi wangu, umekula?"

"Githeri. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Hiyo haijazi tumbo, bana."

Wakakubaliana wazee wa Wabwile waje Kitale kuposa. Kisha Alhamisi moja simu yake ikazimwa kutwa. Baada ya wiki tatu, Alhamisi, tena. Wahu akatia alama kwenye kalenda kwa chaki ya kukatia nguo. Ya tatu ilipofika, akahesabu: siku ishirini na moja, ishirini na moja.

"Wabwile, kuna mwanamke."

Wabwile akazima redio upande wa pili wa simu.

"Si ulinifundisha mwenyewe? Mara tatu, siku zikilingana."

"Hesabu yako ni sawa," akasema polepole. "Kuna kitu."

"Basi wazee wako wasije."

"Hawatakuja."

Mwezi wa kumi, mwanamke mpole akaleta koti la kijivu kwa Wahu. "Lipunguzwe inchi nne," akasema. Wahu akalijua: lilikuwa koti la Wabwile. Kifungo cha pili alikuwa amekishona yeye, kwa uzi mweusi.

"Mimi ni Nelima, dada yake. Hajui nimekuja hapa. Zile Alhamisi tulikuwa tukimpeleka Eldoret kuwekewa dawa ya saratani. Sasa daktari amesema akae tu nyumbani."

Wahu akalipunguza, akalipeleka Bungoma mwenyewe. Akamkuta Wabwile kwenye veranda, amejifunika shuka, anaota jua.

"Ulinidanganya."

"Nilisema kuna kitu."

"Ulininyamazia. Huo ni uongo mkubwa zaidi."

"Nilitaka unichukie, ndio usinililie."

"Nani alikwambia mwenye chuki halii?" Akamvisha koti, akafunga vifungo vyote vitatu. Lilimkaa vizuri, na hilo likamuuma. "Tuma wazee."

"Wahu, utakuwa mjane kabla ya Krismasi."

"Mjane ana kiti karibu na jeneza. Mchumba husimama huko nyuma na majirani. Mimi sitasimama na majirani."

Wabwile akashika kifungo cha pili. "Waambie kwenu wachemshe chai mingi," akasema. "Mjomba wangu hunywa sana."

Wazee wakaenda Kitale Jumamosi, na wiki iliyofuata pasta akawafungisha ndoa hapo hapo kwenye veranda. Koti lile lile Wabwile alizikwa nalo tarehe tisa Desemba. Wahu alikaa kwenye kiti cha kwanza.

Februari, picha za Januari zilipotoka, alirudi saibaa amevaa gauni jeusi, pini kwenye kola. Akafungua ile nyota jinsi alivyoonyeshwa, akafuata nukta moja moja kwa kidole. Ulipofika mwisho wa mwezi, mstari ukashuka, mara ya tatu.

"Mama, umemaliza?" mtu akauliza nyuma yake, ameshika fomu.

"Bado," Wahu akasema. "Kuna kitu kinapita."