Gunia Kwenye Kiti cha Mbele

Jumamosi asubuhi duka la magari lilijaa watu ambao hawakuwa na nia yoyote ya kununua gari. Wababa walikuwa wanagusa matairi kwa ncha ya kiatu, wamama wanafungua buti na kulifunga kama wanaokagua kabati la jirani, watoto wanagombania usukani. Katikati ya zogo hilo, Sista Picha alikuwa amejifungia peke yake ndani ya gari moja jeupe, mikono magotini, anasikiliza kimya chake.

Tumjue kidogo. Alifanya kazi kliniki ya wajawazito, chumba cha picha. Kutwa nzima aliwaonyesha watu watoto wao kwenye skrini: hiki kichwa, huu mkono, huyu hapa anawapungia. Wazazi walilia, yeye akawapa karatasi ya kufutia jeli, akaita mwingine. Jioni alirudi kwenye nyumba ambayo sufuria kubwa haikuwahi kushuka kabatini. Sasa alitaka gari, na kati ya yote alilipenda hilo: gari dogo la familia, ila la daraja la juu. Nje fupi, linapenya popote. Ndani viti vya ngozi, paa la kioo, nafasi ya watu watano na vikulabu nyuma vya kufungia viti vya watoto. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa ameshampigia simu kuhusu jambo hilo.

"Viti vitano vya nini, mama? Unafungua kampuni ya teksi?"

Sista Picha alicheka sana kwenye simu. Alipokata, hakucheka tena.

Kioo kikagongwa. Nje alisimama mwanamume mrefu, ovaroli ya kijivu, mkanda wa vifaa kiunoni, grisi kidevuni imekaa kama ndevu zilizokata tamaa.

"Samahani, sista. Usishuke."

Kwenye maduka ya aina ile mtu huombwa ashuke, haombwi abaki. Akateremsha kioo.

"Nisishuke kwa nini?"

"Mimi ni fundi lifti. Nimemaliza kutengeneza ile inayopandisha magari ghorofani, nataka niijaribu ikiwa imebeba gari lenye mtu. Lifti tupu ni mwongo mkubwa."

"Na ikianguka?"

"Nitakaa hapo pembeni yako. Tutaanguka wote."

"Wateja wako wote unawaambia hivyo?"

"Wateja wangu nawakuta wameshakwama, dada yangu. Hawana hamu ya maongezi."

Gari likaingizwa kwenye lifti, wakapanda. Fundi alifumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo, akisikiliza kamba na magurudumu. Sista Picha alimwangalia kwa wizi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mwanamume akisikiliza kitu kwa makini namna ile. Lifti ilipofika juu, kwa upande wake, ilifika mapema mno.

Akamwomba maoni kuhusu gari. Fundi akasema magari hayajui, ila anajua vitu vinavyobeba watu, na vyote vina tabia moja: vikiwa vitupu vinajipendekeza. Gari la familia usilipime peke yako. Lipime na familia.

"Familia sina," alisema Sista Picha, na akashangaa jinsi maneno yalivyotoka wazi.

"Mimi nina magunia ya mchanga," akasema Fundi.

Usimcheke. Ndivyo anavyofanya kazi. Lifti yoyote anayoitengeneza huijaza magunia kwanza, uzito wa watu kamili, ndipo awaruhusu watu. Na ndivyo ilivyoanza ile desturi ya Jumamosi. Muuzaji wa magari, kijana aliyejulikana dukani kwa jina la Tai Nyekundu, aliwakuta wakishuka pamoja akaamua ni mke na mume, akaanza kumweleza bwana jinsi mtoto wa kwanza atakavyokaa nyuma ya mama yake. Bwana akatazama dari. Bibi akatazama viatu. Hakuna aliyemsahihisha.

Kila Jumamosi wakawa wanalichukua gari kwa majaribio. Magunia yalifungwa mikanda nyuma: moja kubwa wakaliita Mama Mkwe, na mawili madogo wakayaita Mapacha. Sista Picha akaendesha, Fundi akakaa pembeni akisikiliza. Mlima mrefu wa kwenda hospitali ya zamani gari liliupanda bila kuhema. Kwenye matuta springi za nyuma zilikaa chini kidogo, na Mama Mkwe akaegemea mlango.

"Analalamika," alisema Fundi.

"Muulize anataka nini."

"Anasema mkwewe anaendesha kama anayekimbia deni."

Walibishana kuhusu mafuta, kwamba injini hiyo ndogo yenye turbo inakunywa kidogo mjini lakini itaonyesha rangi yake safarini. Walibishana kuhusu buti, ambalo lilimeza kigari cha mtoto kilichokunjwa, cha kuazima dukani, ila likakataa kigari pamoja na sanduku. Vipuri, walikubaliana, ni vya kuagizwa na kusubiriwa. Sista Picha alikuwa ameshajua jibu tangu wiki ya pili. Gari lilikuwa zuri. Aliendelea kuuliza maswali kwa sababu swali likiisha, Jumamosi nayo inaisha, na nyumbani kwake Jumamosi ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Simu zikaanza. Fundi alipiga jioni akiwa bado ndani ya shimo la lifti, sauti yake ikirudi mara mbili.

"Uko wapi, Bwana Kamba?"

"Kati ya ghorofa mbili."

"Na nani?"

"Na tochi."

"Tochi inakupikia?"

"Inaniangalia tu. Kama wewe vile."

Sista Picha akacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu akamsimulia mapacha wa kweli aliowaona siku hiyo, walivyokuwa wamelala mgongo kwa mgongo kama walionuniana. Fundi akasema kwamba yeye, siku ikiisha, huwa hajaongea na mtu ila kumwambia atoe mguu mlangoni. Sista Picha alitaka kumjibu kitu kizuri, mawasiliano yakakatika. Kwenye shimo la lifti hukatika hivyo hivyo.

Wiki ile akaamua. Alimwambia shangazi kwamba Jumapili atakuja na mgeni. Shangazi hakuuliza mgeni gani. Aliuliza anakula kiasi gani. Jumamosi Sista Picha akavaa gauni la bluu iliyoiva, lile linalomkaa kiunoni kama lilishonwa na mtu mwenye wivu, hereni ndogo za fedha, viatu ambavyo mtu mwenye akili haendeshei gari. Njiani alifanya mazoezi ya sentensi moja: kesho twende kwa shangazi yangu. Aliisema kwa utani, akaisema kwa uzito, akaisema kama vile imemtoka tu.

Gari lilikuwa tayari nje ya duka. Mama Mkwe yupo, Mapacha wapo. Na kwenye kiti cha mbele, mkanda umefungwa vizuri kifuani, lilikaa gunia jipya, refu, limejaa hadi shingoni.

Tai Nyekundu alikuwa amejishika mbavu. Akaeleza kwamba bwana alikuja alfajiri, ameitwa kwenye jengo moja refu na atakuwa huko kutwa, lakini hakutaka jaribio la leo liharibike. Kwa hiyo ameweka mchanga, amepima kwenye mizani ya stoo, akapunguza, akaongeza.

Simu ya Sista Picha ikalia ujumbe. *Nimepata dharura. Nimekuachia mtu wa kukaa mbele. Kilo ni zangu zile zile, hutaona tofauti.*

Aliusoma mara mbili. Akaingia, akawasha gari, akaondoka, kwa sababu Tai Nyekundu alikuwa anamtazama na hakutaka kulia mbele ya tai ile.

Gari lilienda vizuri kuliko siku zote. Mlima likaupanda, kona likazishika. Fundi alisema kweli: gari halikuona tofauti yoyote. Kwenye taa nyekundu, gari la jirani lilikuwa na watu watano wanaoongea kwa pamoja, na mwanamke wa mbele alikuwa amegeuka nyuma anamfuta mtoto pua. Sista Picha akageuka pembeni yake. Gunia lilikuwa linatazama mbele.

"Kesho twende kwa shangazi yangu," akaliambia, kwa sauti ile ya utani aliyokuwa ameichagua.

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi.

Alirudisha ufunguo, akasema hanunui, na jioni akampigia shangazi kwamba mgeni amepata udhuru. Simu za Fundi hakupokea. Jumatatu hakupokea, na wiki nzima ile, na iliyofuata. Fundi alijiuliza kama labda alikosea mizani.

Hatimaye akampigia shemeji yake, mke wa kaka, mwanamke asiye na subira na ujinga, akamsimulia. Upande wa pili mtu akavuta kiti.

"Ngoja nikae. Umempelekea mwanamke gunia?"

"Lilikuwa na kilo zangu, shemeji. Nilipima."

"Na wewe ni kilo?"

Fundi akahamishia simu sikio la pili.

"Nauliza. Huyu dada kila Jumamosi alikuwa anavaa, anapaka, anakuja kuendesha mchanga?"

"Alikuwa anajaribu gari."

"Gari hujaribiwa siku moja, shemeji yangu. Ukiona limejaribiwa miezi, ujue halijaribiwi gari."

Baada ya simu alikaa muda mrefu kwenye ukingo wa kitanda. Tangu aanze kazi, hakuna mtu aliyemwita kwa sababu anamtaka yeye. Walimwita kwa sababu lifti imesimama, na angekuja fundi mwingine wangefurahi vile vile. Alikuwa amezoea hilo mpaka akalichukulia kuwa ndivyo watu walivyo.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, kitu ambacho msimamizi wake alikipokea kama habari ya msiba. Akavaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kola upande mmoja umelala, mwingine umesimama. Akaenda kliniki. Kwenye benchi la chumba cha picha walikaa wawili wawili, wake na matumbo yao, waume na mikoba ya wake zao. Akakaa mwisho, peke yake, magoti yamepanda kwa sababu ya ufupi wa benchi. Mhudumu akamfikia.

"Mkeo yuko wapi, baba?"

"Sina."

"Sasa umekuja kupigwa picha wewe?"

Benchi zima likacheka, na mama mmoja akamwomba Mungu asizae leo. Kelele zile zikamtoa Sista Picha mlangoni, koti jeupe, glovu mkononi. Akamwona.

"Gari limeuzwa," alisema. "Tai Nyekundu kanipigia jana. Limechukuliwa na watu wenye watoto watatu."

"Pole."

"Sitafuti pole. Na silililii gari."

Fundi akasimama. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yote yakabaki mahali fulani kati ya ghorofa mbili.

"Nilidhani unachokihitaji kwangu ni uzito," akasema. "Sikufanya dharau. Nilijua kitu kimoja tu nilichonacho kinachofaa, nikakuachia."

Waume kwenye benchi wakashusha mikoba magotini wasikilize. Hata yule mama wa kicheko aliacha kupumua kwa kelele.

"Nililiambia lile gunia twende kwa shangazi," alisema Sista Picha polepole. "Nilivaa, nikaliambia. Unajua nilivyojiona?"

"Likajibu nini?"

Ulikuwa utani wa hatari, na kwa muda ilionekana umemponza. Sista Picha akageuza uso ukutani, kwenye picha ya mtoto anayenyonya. Mabega yakatikisika. Hakuna aliyejua ni kicheko au kilio, na mimi nakuambia ilikuwa vyote.

"Lilikuwa na adabu kuliko wewe," akasema alipogeuka. Macho yalikuwa yamelowa. "Kutwa nzima, humu ndani, nawaonyesha watu watu wao. Nikitoka hapa, sina wa kumwonyesha hata gauni. Sihitaji mtu wa kujaza kiti, Fundi. Viti ninavyo, hata nyumbani vipo vinne. Nilikuhitaji wewe uje unitanie kuhusu Mama Mkwe."

"Nimekuja."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Lakini nimekuja mwenyewe."

Akamtazama kola, upande uliolala na uliosimama. Mkono ukanyanyuka kuirekebisha, ukakumbuka umevaa glovu, ukashuka.

"Nina hawa wote mbele yako," akasema. "Nitamaliza jioni."

"Nitakaa."

"Jumapili shangazi anapika. Sikuahidi kitu. Anapika tu."

Mlango ukafungwa. Fundi akarudi kwenye benchi, na waume wawili wakasogeza mikoba wampishe. Hajakaa vizuri, simu ikatetemeka mfukoni. Msimamizi. Kuna lifti imegoma katikati ya mji, watu watatu ndani, mmoja anapiga mlango na kiatu. Kwa miaka yote simu ile ikilia, Fundi husimama kabla haijamaliza kulia. Safari hii pia alisimama, miguu ilishazoea.

Akautazama mlango wa chumba cha picha. Kwa ndani sauti ya Sista Picha ilikuwa inamwambia mtu: huu hapa mkono, umeona?

"Bosi, mwenzangu yuko zamu na yuko karibu kuliko mimi," akasema kwenye simu. "Mtume yeye. Lifti haitaona tofauti."

Akakaa.