Kila Jiko na Jibu Lake

Kila asubuhi Mwanaisha alipofungua mlango wa mbele, mwenye mkokoteni alikuwa amekwisha kufika. Alimimina maji katika pipa la Nyanya Mwanabibi, akapokea ujira wake, akaendelea na safari akipiga mluzi. Kazi ya Mwanaisha ilikuwa kulifunika pipa, kufagia kibaraza na kumtandikia nyanyake jamvi. Kisha alikunywa chai, akavaa sare yake na kushika njia ya shule.

Mwanaisha alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini mlima huonekana alfajiri na kujificha mchana? Nani aliamua soko liwe pale lilipo? Watu wa Majengo walikuwa wamemzoea, ingawa wengine walipomwona kwa mbali walijifanya wana haraka. Alitaka kujua kila kitu cha ulimwengu huu. Jambo moja tu halikuwahi kumpitia kichwani, nalo ni kuuliza wapangaji wa uani kwao waliishi vipi.

Enzi hizo Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi, na mji wa Nyeri ulikuwa ukipanuka. Siku moja Mwalimu Gatimu aliingia darasa la saba akiwa na bunda la karatasi.

“Manispaa inataka kutengeneza jambo moja Majengo mwaka huu,” alisema. “Ama taa za barabarani, ama mabomba ya maji hadi vichochoroni. Fedha zilizopo hazitoshi, kwa hivyo wenyeji wataombwa kuchanga. Ninyi mtakwenda kuwauliza mambo mawili: wanataka lipi, na kama wako tayari kuchangia.”

Mkono wa Mwanaisha ulikuwa juu tayari. “Mwalimu, kwa nini Manispaa wasiamue tu? Si wao wakubwa?”

“Wao hawalali Majengo,” Mwalimu Gatimu alijibu. “Sasa sikilizeni vizuri. Kila jiko ni karatasi moja. Nyumba ikiwa na majiko sita, nataka karatasi sita.”

Mwanaisha alipewa upande wa kwao. Nyumba za Majengo zilikuwa ndefu. Mwenye nyumba aliishi vyumba vya mbele, na wapangaji waliishi vyumba vya nyuma, kila familia na chumba chake na jiko lake, wakiingia na kutoka kwa mlango wa uani. Mtoto aliyefunzwa adabu hakupita kwenda uani kwa watu bila kusimama kwanza kibarazani na kumwamkia mwenye nyumba. Mwanaisha alikuwa amefunzwa adabu sawasawa.

Alianzia nyumbani.

“Shikamoo, Nyanya. Manispaa inauliza, unataka taa au maji?”

“Marahaba. Taa,” Nyanya Mwanabibi alijibu bila kufikiri mara mbili. “Juzi nikitoka kumjulia hali mgonjwa nilijikwaa gizani, nusura nivunjike mguu. Maji yapo, mkokoteni unaleta kila siku.”

“Na kuchanga je?”

“Nitachanga.”

“Basi sasa niende nikawaulize wapangaji.”

Nyanya Mwanabibi alimtazama kwa mshangao. “Uwaulize nini? Nyumba ina mwenyewe. Andika taa kwa wote, wala usiwasumbue watu na kazi zao.”

Mwanaisha aliona maneno hayo yana mantiki. Tena, tuseme kweli, yalimfaa, maana alitaka kuwa wa kwanza darasani kumaliza. Akajaza karatasi zote sita: taa, taa, taa. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Shee, fundi wa kofia. Naye alikuwa kibarazani akishona, naye akasema taa, na kwamba wapangaji wake walikuwa na shauri moja naye. Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Mwanaisha hakuingia uani hata mara moja, na Ijumaa alikuwa wa kwanza kuyarudisha majibu. Mwalimu Gatimu alimsifu mbele ya darasa zima. Karwitha, aliyeketi dawati la nyuma, alipiga makofi pamoja na wenzake.

Karwitha alikuwa mtoto wa mpangaji wao. Wazazi wake, Murithi na Kagendo, walitoka upande wa Meru, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Msichana huyo alikuwa na akili nyepesi ya hesabu, lakini takriban kila siku alichelewa. Wiki hiyo Mwalimu mkuu alikuwa amempa onyo la mwisho: akiendelea kuchelewa, hataruhusiwa kujiandikisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi pamoja na wenzake.

Jumamosi, Mwanaisha alimkuta Karwitha akitoka uani na mtungi wa bati, mamake akiwa mbele.

“Mnakwenda wapi?”

“Mtoni. Kuchota maji.”

“Mtoni Chania? Na bomba la sokoni?”

Karwitha alicheka kidogo. “Hilo hufunguliwa jua likishatoka, na foleni yake huimalizi. Kila siku tunaenda mtoni kabla ya shule. Leo tumechelewa kwa kuwa ni Jumamosi.”

Udadisi ulimshika Mwanaisha, akafuatana nao. Njia iliteremka, ikateremka tena, ikawa tope jekundu lenye utelezi. Kurudi ndiko kulikomtoa jasho, na hali yeye alibeba kibuyu kidogo tu. Mbele yake Karwitha alipanda kimya kimya, shingo imekaza, maji yakimdondokea mabegani. Ndipo Mwanaisha alipoelewa kwa nini mwenzake husinzia wakati wa kusoma, na aibu ikampata, maana walikuwa wakilala chini ya paa moja.

“Mama Karwitha,” aliuliza walipopumzika, “mbona hamkutaka maji? Manispaa wanauliza, na nyote mmesema taa.”

Kagendo aliutua mtungi chini. “Nani amesema taa? Mimi sijaulizwa na mtu. Ati taa? Mimi nitafanya nini na taa na niko na watoto wanne wanataka kuoga na kukunywa? Ningeulizwa, ningesema maji, maji, maji.”

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwanaisha alikuwa na jibu ambalo hakutaka kulisema. Karatasi ya Kagendo alikuwa ameijaza kwa mkono wake mwenyewe. Akisema, sifa zote zitaondoka, na Mwalimu atamwona mdanganyifu. Asiposema, taa zitakuja, na Karwitha ataendelea kupanda mlima ule mpaka mtihani umpite.

Jumatatu alipiga moyo konde, akamngoja Mwalimu Gatimu mlangoni mwa ofisi.

“Mwalimu, karatasi zangu si za kweli. Niliwauliza wenye nyumba peke yao, halafu nikawajazia wapangaji.”

Mwalimu Gatimu alivua miwani. “Kwa nini?”

“Niliambiwa nyumba ina mwenyewe. Na pia nilitaka kumaliza wa kwanza.”

“Hilo la pili umelisema bila kulazimishwa,” Mwalimu alisema. “Ningeweza kukuadhibu, lakini adhabu haitatuletea majibu.” Alimhesabia karatasi mpya. “Bunda linakwenda Manispaa kesho mchana. Kila jiko, Mwanaisha. Ingia uani.”

Jioni hiyo alimweleza nyanyake kila kitu. Nyanya Mwanabibi hakufurahi. Alisema hajapata kusikia mpangaji akiulizwa habari za nyumba ya mtu, na kwamba watoto wa siku hizi wanafundishwa mambo ya ajabu. Lakini hakumkataza. Alijifunga leso yake vizuri, akaongozana naye hadi uani, akaketi juu ya kibao ili asikie mwenyewe.

Kagendo alikuwa akipika. Mwanaisha alimuuliza kama alivyoagizwa: taa au maji?

Kagendo alimtupia jicho mwenye nyumba, kisha akaukoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. “Taa ni sawa,” alisema polepole. “Vile Mama amesema.”

Mwanaisha alishangaa. Huyu si yule aliyesema maji mara tatu njiani? Alifungua kinywa amkumbushe, lakini nyanyake alimwahi.

Nyanya Mwanabibi alikuwa ameutazama uso wa Kagendo. Halafu akaitazama mitungi iliyopangwa ukutani, yote ikiwa na matope mekundu chini.

“Mama Karwitha,” aliuliza, “maji haya mnayatoa wapi?”

“Mtoni, Mama.”

“Mkokoteni haupiti huku kwenu?”

“Unapita. Lakini bei yake si ya watu kama sisi.”

Bi mkubwa huyo alikuwa ameishi hatua chache kutoka pale miaka yote, na hakuwahi kujua. Aliinuka taratibu. “Mjukuu wangu, muulize tena,” alisema. “Mimi naenda kutawadha.” Akaingia ndani na kuufunga mlango nyuma yake.

“Andika maji,” Kagendo alisema mlango ulipofungwa. “Na kuchanga nitachanga, hata kama ni kidogo. Mtoto wangu akifika shule mapema, hiyo nimepata.”

Usiku ulipoingia Mwanaisha alikuwa amepita kila ua. Wapo waliosema taa, na aliandika taa. Lakini wengi walisema maji.

Baada ya wiki kadhaa afisa wa Manispaa aliwaita wenyeji katika uwanja wa shule, akasoma matokeo: Majengo wamechagua maji. Mzee Shee alisimama papo hapo.

“Maji yamechaguliwa na nani? Sisi wenye nyumba tulisema taa. Manispaa imtafute aliyebadilisha majibu yetu.”

Minong’ono ikaenea. Karwitha, aliyekaa kando ya Mwanaisha, akamshika mkono. Kabla afisa hajajibu, Nyanya Mwanabibi alisimama.

“Shee, hakuna aliyebadilisha jibu lako,” alisema kwa sauti iliyofika nyuma. “Uliulizwa, ukasema taa, na karatasi yako inasema taa. Yangu pia. Lakini mimi nilisema na kwa niaba ya watu watano ambao sikuwauliza. Nilidhani kwa kuwa chumba ni changu, na neno la aliyemo ni langu. Nilikosea, na mtoto ndiye aliyerudi kurekebisha kosa langu. Kama wengi wanataka maji, nami mchango wangu nitautoa kwa maji.”

Mzee Shee alitazama huku na huku. Wapangaji wake walikuwa wamesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza aligeuka akawatazama. Kisha akaketi.

Mitaro ilichimbwa kabla ya mvua za masika, na bomba likafika kichochoroni nyuma ya nyumba yao. Karwitha alijiandikisha kwa mtihani kama wenzake.

Siku ya kwanza maji yalipotoka, Nyanya Mwanabibi alisimama na mjukuu wake akiwatazama watu wakikinga mitungi.

“Mwanaisha,” alisema, “adabu niliyokufunza haikuwa mbaya, ila niliifundisha nusu. Kumwamkia mwenye nyumba ni heshima. Kumuuliza na aliye nyuma ya nyumba, ukangoja mpaka aseme lake mwenyewe, ni heshima vilevile. Na ukishalisikia liandike kama alivyolisema, hata kama ungependa lingine.”

“Na wewe, Nyanya, bado unataka taa?”

“Naitaka sana,” alisema Nyanya Mwanabibi. “Mwaka ujao Manispaa wakiuliza tena, nitasema taa, na nitangoja zamu yangu kama watu wengine.”