Makaburi Chini ya Sakafu ya Kanisa la Mbweleni

Tarehe sita Aprili mwaka 1661, mji wa Mbweleni uliamkia manyunyu ya masika na ukungu uliofunika ngome. Mapadri wa Kireno walikuwa wamekwisha kukimbia vita, na Wakristo wote pamoja nao. Alibaki Inasi, fundi mwashi, mwenyeji aliyebatizwa ukubwani. Kila alfajiri alisali peke yake katika kanisa alilolijenga, na sala yake haikuwa na wa kuiitikia.

Lilikuwa jengo refu la matumbawe na chokaa, paa limeungua vitani. Tao kubwa lilitenga ukumbi wa waumini na madhabahu iliyoelekea mashariki.

Asubuhi ile wakaingia wanaume wenye mitaimbo. Aliwaongoza Bwana Bakari bin Mwinyikae, amiri wa mji, jambia kiunoni, kilemba kimelowa.

"Fundi, adui atarudi, na ukuta wetu una pengo. Mawe haya tunayachukua yote."

"Mzee Inasi," akatania mwashi mmoja aliyekwisha kupita tao, "Mungu wako kahama bila kukuaga?"

"Waliohama ni mapadri, mwanangu."

Wenzake wakacheka. Inasi akamgeukia amiri. "Bwana, chukueni ukumbi. Huku kwenye madhabahu msiguse. Kuna makaburi."

"Tumezunguka nje kote. Hatukuona hata moja."

Alisema kweli. Mbweleni, kaburi la mtu wa heshima lilijengewa ukuta na nguzo; nani angelitafuta sakafuni? Inasi akapiga magoti, akafuta jivu kwa kiganja. Likatokea jiwe bapa lenye msalaba.

"Huyu ni Luzia, mke wangu. Wengine wamelala pale aliposimama kijana wako."

Yule mtani akatazama miguu yake. Akavua makubazi, akarudi nyuma taratibu.

Amiri akashusha sauti. "Ukumbi peke yake hautoshi, fundi. Nina watoto wa watu nyuma ya pengo lile."

"Utatosha. Misingi yake imekwenda chini sana. Nitaichimbua mimi mwenyewe."

"Uibomoe kazi yako mwenyewe ya ujanani?"

"Ndiyo, Bwana."

Kisha amiri akauliza, "Na ukifa wewe, nani atakuzika? Huna ndugu wa dini yako hapa."

Hilo ndilo jambo Inasi alilomlilia Mungu kila siku, na jibu hakuwa amelipata. Akalifuta tena jiwe la mkewe kwa kiganja.

Bwana Bakari akavua viatu, akasogea hadi chini ya tao, akawageukia watu wake.

"Shuhudieni nyote. Mimi Bakari bin Mwinyikae naahidi: hakuna atakayeng'oa jiwe ng'ambo ya tao hili. Na siku Inasi akifa, tutamchimbia hapa, kando ya mkewe. Kushuka kaburini kumpokea maiti ni kazi ya ndugu, nitashuka mimi. Nikitangulia, watashuka wanangu."