Mapambo Yaliyonuka Kafuri

Jumatano, tarehe 22 Disemba 1993, saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapo ndipo nyumba yetu ilipobadilika. Nilikuwa nimeshaswali magharibi, nikavuka njia kwenda kwa jirani yangu Zaituni kuomba mshipi.

Mshipi wenyewe haukuwa wa kuvulia samaki. Ulikuwa wa kutundikia mapambo ya Krismasi.

Mume wangu, Mohdhar, alikuwa fundi wa kukereza mbao. Mkono wa kulia ulivuta uta unaozungusha mti, mkono wa kushoto ulishika patasi, na kidole gumba cha mguu kiliielekeza. Kisiwani kwetu Ngumi, pwani ya Somalia, alikereza matendegu, ile miguu ya duara ya vitanda, kama baba yake. Vita vilipotutoa kisiwani tukaja kujibanza Kismayu, hakuna aliyetaka kitanda. Watu walilala chini ili risasi zipite juu.

Kisha wakaja askari wa kigeni, wakakaa bandarini. Sikukuu yao ilipokaribia walisimamisha mti wa nyaya, wakatafuta mtu wa kuwatengenezea vipira na vikengele vya mbao vya kuning'iniza. Mkalimani akamjia Mohdhar. Mohdhar hakutaka fedha. Alitaka dizeli. Ndugu yake, Fumo, alikuwa na boti ya mashine, tangi kavu. Nami nilikuwa mja mzito. Tulitaka mtoto wetu akazaliwe Mombasa, mahali ambapo mlango ukigongwa mtu anafungua.

Zaituni aliponiona alicheka.

"Karibu, mke wa fundi Krismasi! Mwakani mumeo atatuimbia na nyimbo zao?"

"Tumbo halina kibla, Zaituni."

"Linayo, shoga. Halijashiba tu likaikumbuka."

Akanipa mshipi, nikarudi. Giza lilikuwa linaingia. Kwenye baraza yetu alikuwa amekaa mtu.

Nilimtambua kwa mgongo wake. Bi Mwanalima, mwosha maiti wa Ngumi, aliyemwosha mama yangu. Siku tulipokimbia alikataa kupanda chombo. Alisema waliobaki nao watahitaji kuoshwa.

Nilifurahi. Nikainama nimbusu mkono. Akaurudisha ndani ya buibui.

Ndipo nikasikia harufu...

Kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Shikamoo, bibi. Umefikaje huku?"

"Nimekuja kulichukua jeneza, mwanangu."

"Jeneza gani?"

"La msikiti. Liko kwenu."

"Bibi, sisi hatuna jeneza."

Alilitazama tumbo langu. Usoni hakunitazama.

"Litafute," akasema, kwa lugha yetu ya kisiwani. "Wachu wangoja."

Watu wanangoja. Alilisema taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Watu gani, bibi?"

"Hawajabebwa."

Niliingia ndani kumwita Mohdhar. Nilidhani harufu ile ningeiacha barazani. Haikubaki. Kila nilivyokaribia uani ilizidi. Ilikuwa inatoka miguuni pa mume wangu, kwenye maranda ya mbao.

"Bi Mwanalima yuko nje," nikamwambia.

"Huyu bibi! Mwenyewe alisema hatoki kisiwani mpaka achukuliwe." Aliutupa uta, akatoka mbio akicheka.

Baraza ilikuwa tupu. Njia ilikuwa tupu pia, huku na huku. Na Bi Mwanalima alikuwa mgonjwa wa goti.

Nilipomweleza maneno yake, kicheko kikamkauka.

Kwetu Ngumi, jeneza la msikiti, lile linalobeba kila maiti, likichakaa haliingii jikoni wala sokoni. Huzikwa makaburini, mbao zote, kama maiti. Na baba yake Mohdhar ndiye aliyelitengeneza. Mzee yule alikereza miguu ya jeneza na ya kitanda cha arusi kwa mtindo mmoja, akisema ni safari ile ile. Kwa hiyo wiki iliyotangulia, Zubeiri muuza kuni alipoleta matendegu ya mbao nzito yaliyoporwa visiwani, Mohdhar aliitambua kazi ya baba yake, akayabeba kifuani kama mtoto. "Tumeletewa kitanda cha nyumbani," aliniambia. Kafuri aliisikia. Alidhani mbao zilikaa karibu na kasha la nguo lililotiwa kafuri ya kufukuza nondo.

Mengine alikuwa ameshayakereza vipira na vikengele; tendegu moja tu lilikuwa bado halijakatwa. Akalisogeza kwenye taa, akapitisha kidole juu, mahali palipolika. Kamba za mipini ya kubebea zilikuwa zimeukwangua mti kwa miaka mingi.

"Kitanda hakifungwi kamba hapa," akanong'ona. "Saada... hili ni jeneza."

Mapambo mengi yalikuwa yameshatundikwa bandarini. Machache yalikuwa kwenye kikapu, yakingoja mshipi wangu. Dumu la dizeli lilikuwa pembeni, limejaa.

"Tuondoke," nikamwambia. "Mafuta yapo. Fumo yuko tayari. Mungu ni mwingi wa kusamehe."

"Mtoto wangu avuke bahari kwa mafuta ya jeneza?"

"Avuke akiwa hai!"

Akalilaza tendegu chini.

"Asubuhi nitakwenda kuwaomba wanirudishie vipira. Nitawakerezea vingine. Nivizike hivi, kisha tuondoke. Bismillahi, usilie."

Asubuhi akaenda.

Adhuhuri tukasikia milio upande wa bandari. Nani alimpiga nani, hakuna aliyejua. Mwaka ule risasi ilikuwa haina mwenyewe. Njia zikafungwa. Mohdhar hakurudi adhuhuri. Hakurudi alasiri. Nilikaa chini nikafunga mshipi kwenye vile vipira vilivyobaki, nikavitundika kwenye kamba ya nguo, kwa sababu mikono yangu haikuweza kutulia.

Magharibi ikaingia. Hapakuwa na upepo. Pazia lilikuwa limesimama kama ukuta.

Tak.

Niligeuka.

Tak... tak...

Vipira vilikuwa vinagongana. Vyote vilikwenda upande mmoja, vikarudi pamoja, polepole, kama mzigo unaoyumba mabegani mwa watu wanaotembea.

Kisha nikasikia nyayo. Nyingi. Zilitoka upande wa bahari, zikija kwa mwendo ule ule wa vipira. Na sauti za chini, wanaume kwa wanawake, wakileta tahalili... La ilaha illallah... La ilaha illallah... Masikio yangu yalizijua baadhi ya sauti zile. Sitazitaja.

Zikafika mlangoni.

Zikasimama.

Vipira navyo vikasimama.

Kafuri ilijaa chumbani hata macho yakanitoka machozi. Nilisoma Ayatul Kursiyyu, nikaishia njiani, nikaanza tena. Mwishowe nikafungua.

Mohdhar alikuwa amelala barazani, juu ya mkeka nisioujua. Alikuwa ameoshwa. Amevishwa sanda nyeupe, amefungwa, amewekwa pamba, uso wake umeachwa wazi nimwone. Kifuani, chini ya sanda, palikuwa na jeraha moja lililozibwa vizuri. Mwaka ule Kismayu hukupata kitambaa cheupe hata cha kumfungia mtoto kitovu.

Njiani hapakuwa na mtu.

Nilipiga kelele. Zaituni akaja na mumewe. Shoga yangu aliishika sanda, akanusa vidole vyake, akaketi chini.

Tulimzika asubuhi. Hatukuwa na jeneza. Mtoto wa fundi aliyetengeneza jeneza la msikiti alibebwa juu ya mlango uliong'olewa, akiteleza pembeni kila walipokunja kona. Tendegu lile na vipira vilivyokuwa ndani nilimwomba Fumo avizike kando yake. Vya bandarini hakuna aliyethubutu kuvifuata.

Usiku wa pili yake tukaondoka. Mtoto wangu alivuka kwa mafuta yale. Alizaliwa Mombasa, nikamwita Wafaa.

Kambini Mombasa nilimkuta Husseini, mtu wa Ngumi aliyetoka kisiwani mwisho. Nikamuuliza habari za Bi Mwanalima.

"Huyo?" akasema. "Alikufa siku waporaji walipokivamia kisiwa, ninyi mmeshaondoka, dada. Wa kwanza. Aliwazuia mlangoni mwa msikiti wasilitoe jeneza. Wakalitoa. Waliokufa siku ile tuliwaburura kwenye matanga ya vyombo, tukawafukia pwani usiku. Hatukuwa na nguvu ya zaidi."

Nikamweleza ya Mohdhar. Alifikiri sana. Akasema labda watu wema wa bandarini walimwosha, wakaogopa kuonekana. Inawezekana. Bi Mwanalima hakuwa akiosha wanaume, na Mohdhar alioshwa na mtu ajuaye kazi. Lakini mkeka ule nilikuja nao. Husseini aliugeuza, akaangalia msuko wake, akauweka chini haraka.

"Huu ulikuwa wa msikiti wetu," akasema. "Msikiti ule uliungua wote."

Hakurudi tena kunitembelea.

Askari wale walishakwenda kwao, na mapambo yao mizigoni. Kila Disemba hufikiri: mahali fulani penye baridi, mtu hufungua kisanduku, akavitundika vipira vya mume wangu, watoto wakafurahi. Sijui kama wanasikia harufu. Sijui kama jioni, wakichungulia nje, wanaona bibi mmoja mgonjwa wa goti amekaa mlangoni mwao, anangoja. Lugha yake hawataijua.

Ewe Mola, mrehemu Mohdhar, na Bi Mwanalima, na watu wa Ngumi waliolala mchangani bila kuoshwa wala kuswaliwa. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Sisi tulishindwa kuwabeba. Wabebe Wewe kwa rehema Zako, uwafikishe. Amina.