Msumari Ambao Haukuwepo

Kila siku nikitoka shule nilifagia zizi, nikabadilisha maji, kisha nikawahesabu kondoo wetu sita. Lakini Jumamosi ile Bibi alinikabidhi mkasi wake wa kunyolea manyoya, ambao hata Baba haruhusiwi kuugusa.

"Haya, Kinyozi," alinitania. "Leo Kishungi ni wako. Kumbuka: nyoosha ngozi, usivute manyoya. Ukiyavuta, ngozi nayo inakuja."

"Najua, Bibi!"

Nilijua nini mimi? Alipoingia jikoni, nilitaka arudi akute nimemaliza. Nikashika fungu la manyoya, nikalivuta, nikakata. Kishungi akaruka. Ubavuni palikuwa na jeraha refu kama kidole changu.

Badala ya kumwita Bibi, nikalipaka tope, nikamalizia kunyoa. Aliporudi alinipigia makofi, akamtangazia jirani kwamba mjukuu wake ni fundi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya tatu Kishungi alikataa kula. Alisimama pembeni akipigapiga miguu, nzi wakimzonga. Bibi akalibandua lile tope, akaguna. Funza!

"Wewe!" alimwita Baba. "Si nilikwambia uzio uliojenga una misumari? Ona sasa, tutampoteza mnyama huyu!"

"Nisamehe, Mama. Huenda mmoja ulibaki."

Baba akachukua nyundo, akapiga magoti, akaanza kupapasa ubao mmoja mmoja. Alizunguka zizi lote, kisha akaanza upya. Baba yangu mzima, magotini kwenye samadi, kwa kosa langu! Uso uliniwaka kwa aibu. Ningechapwa viboko nisingeumia vile.

"Baba, inuka," nikasema huku nikilia. "Hakuna msumari. Ni mimi. Nilivuta manyoya nikamkata, halafu nikaficha kwa tope."

Baba akaweka nyundo chini. "Kumbe natafuta msumari ambao bado uko dukani!" Alijaribu kucheka, hakuweza.

Daktari wa mifugo alipokuja, mimi ndiye niliyemshika Kishungi wakati funza wakitolewa. Alisema tungechelewa siku moja zaidi, tungemzika. Wiki nzima nililiosha jeraha lile asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, mpaka Kishungi akarudi kugombania majani na wenzake.

Ndipo Bibi akaniita zizini.

"Mjukuu wangu, kumkata kondoo si ajabu. Hata mimi nimewakata. Lakini mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ungesema siku ile ile, tungeosha tukapaka dawa, yakaisha. Ulificha, jeraha likaingia funza, na baba yako akapigishwa magoti kwa kosa lisilo lake."

Niliinamisha kichwa. Bibi akaniwekea mkasi mkononi.

"Bado watano. Unanyoosha nini?"

"Ngozi, Bibi."

"Na ukikata?"

"Nasema, Bibi. Hapo hapo."